Pengo au kimya? Namna ya kusoma Mkataba wa Roma pale unaponyamaza

Jumamosi saa kumi jioni, jua likishapoa, baraza ya nyumba yetu Ngamiani, Tanga, hujaa vijana wa sheria. Wengine wako likizo kutoka vyuo vya Dar es Salaam na Morogoro, wawili watatu huteremka kutoka Lushoto, na wamo makarani wa mahakama wanaojiendeleza jioni. Kahawa inapita, Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kule The Hague, unafunguliwa, na haipiti Jumamosi bila mmoja kuinua mkono: "Mwalimu, hapa pana pengo. Tulizibe na nini?"

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya swali hilo. Kuuliza si kosa. Mkataba wenyewe ulipitishwa Roma tarehe 17 Julai 1998 baada ya majuma matano ya mvutano, na sehemu nyingine ziliachwa na ukungu kwa sababu bila ukungu huo nchi zisingekubaliana. Ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2002, na Tanzania iliuridhia Agosti mwaka huohuo. Kwa hiyo ni sheria yetu pia, na tunapaswa kujua kuisoma wenyewe.

Tatizo ni haraka. Vijana wangu wanaipenda sana methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini fundi anayeijua nyumba hapigi lipu kila tundu analoliona ukutani. Mengine ni madirisha, yaliachwa ili hewa ipite. Katika sheria hii aliye ndani ya nyumba ni binadamu anayeweza kufungwa maisha, na aliye nje anayesubiri ni mama aliyezika watoto. Wote wawili wanastahili tusome polepole.

Kabla hujaanza: weka maandishi mezani

Usifanye kazi hii kwa kukumbuka, wala kwa muhtasari uliotumiwa kwenye simu. Unahitaji Mkataba wa Roma wenyewe; Viini vya Makosa, yaani hati inayovunja kila kosa katika vipande vinavyopaswa kuthibitishwa; Kanuni za Utaratibu na Ushahidi; na Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba, hasa ibara ya 31 hadi ya 33. Ukiweza, chapisha. Karatasi inakuruhusu kuweka vidole viwili katika ibara mbili kwa wakati mmoja, na utaona mbele kwa nini hilo lina maana.

Jambo moja watu wa Kiswahili tunalisahau. Ibara ya 128 inataja lugha sita ambazo maandishi yake yana nguvu sawa: Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Kiswahili hakimo. Tafsiri yetu ni msaada wa kuelewa, haiwezi kubeba hoja. Tangu 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama hapa nchini, nami nimefurahi sana, lakini ukiingia katika Mkataba huu lazima ukumbuke uko katika nyumba ya lugha nyingine.

Hatua ya kwanza: liandike swali, kisha uliulize ni la ukoo gani

Andika swali lako kwa sentensi moja yenye alama ya kuuliza mwishoni. "Suala la ndoa za kulazimishwa" si swali. "Je, kumlazimisha msichana kuishi kama mke wa mpiganaji ni kosa chini ya ibara ya 7?" ni swali.

Kisha ulipeleke kwenye ukoo wake, maana milango haifanani. Kama linahusu fasili ya kosa, mlango ni mwembamba kuliko yote: ibara ya 22 inasema fasili isomwe kwa kubana, isitanuliwe kwa kufananisha jambo na jambo, na penye utata isomwe kwa faida ya anayechunguzwa, anayeshtakiwa au aliyetiwa hatiani. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(c), ina damu hiyohiyo: huadhibiwi kwa kitendo ambacho ulipokitenda hakikuwa kosa.

Kama linahusu adhabu, mlango umefungwa kabisa. Ibara ya 77 imetaja kifungo kisichozidi miaka 30, au cha maisha, pamoja na faini na kutaifisha mali iliyotokana na uhalifu. Kijana mmoja wa Muheza aliniuliza kama majaji wanaweza kuongeza kunyonga kwa kuwa nchi nyingi, yetu ikiwamo, zina adhabu hiyo katika vitabu. Hapana.

Kama linahusu utetezi, mlango uko wazi zaidi, na hapo ndipo wengi huteleza. Ibara ya 31(3) inaruhusu Mahakama kuzingatia sababu ya kumwondolea mtu hatia hata kama haikutajwa katika ibara hiyo, mradi inatokana na sheria ambazo ibara ya 21 inaruhusu zitumike. Soma hiyo ya 31(3) sambamba na 22 na utaona Mkataba umechagua upande: unaweza kutafuta nje kitu cha kumwokoa mshtakiwa, lakini huwezi kwenda nje kuokota kosa la kumfunga nalo.

Na kama linahusu utaratibu wa kesi, majibu mengi yamo katika ibara ya 64, inayowapa majaji uwezo mpana wa kuendesha kesi kwa haki na bila kuchelewa.

Hatua ya pili: soma maneno

Mkataba wa Vienna, ibara ya 31, unataka usome kwa nia njema, kwa maana ya kawaida ya maneno, katika muktadha wake, na kwa mwanga wa lengo la mkataba. Vyote hivyo kwa pamoja; lengo halingoji maneno yashindwe ndipo liitwe.

Chukua mfano wa hapa nyumbani. Tuseme langoni mwa bustani ya ufukweni pamebandikwa kibao: "Vyombo vya moto haviruhusiwi." Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo swali la kwanza linajibiwa mara moja: baiskeli inapita. Sasa anakuja kijana na pikipiki ya umeme. Haina petroli, haitoi moshi, haina moto wowote ndani yake. Anayelichanachana neno atamfungulia lango. Lakini hakuna mtu wa Tanga anayesikia "chombo cha moto" akawaza ndimi za moto. Anasikia kitu chenye mtambo kinachojiendesha. Hiyo ndiyo maana ya kawaida, ile iliyo vichwani mwa wanaolitumia neno mahali pake. Ukiongeza lengo, kwamba kibao kimewekwa ili watoto wacheze bila kugongwa, pikipiki ya umeme inabaki nje. Halafu anakuja bibi kwenye kiti cha magurudumu chenye mota. Neno linamgusa, lengo halimgusi. Mwache bibi langoni kidogo, tutarudi kwake.

Sasa neno lililowahi kuamua jambo zito kwa jirani zetu. Ibara ya 7(2)(a) inasema uhalifu dhidi ya ubinadamu lazima uwe umetokana na sera ya dola au ya… nini? Mimi nikiwa mwanafunzi niliandika daftarini "shirika", nikaendelea. Katika mashindano ya mahakama ya mazoezi nikasimama nikaeleza kwa kujiamini kwamba genge la vijana wa mtaani haliwezi kuwa shirika, kwa kuwa shirika lina usajili, ofisi na uongozi. Mmoja wa waliokaa kama majaji akaniuliza kwa upole: "Unafasiri Mkataba au daftari lako?" Sikuwa na jibu. Usajili na ofisi vilitoka katika masikio yangu ya Kiswahili, yaliyozoea shirika la umma na shirika la reli. Ningeandika "kundi", ningebeba hoja ya kinyume kwa urahisi uleule, nayo pia isingekuwa na mizizi katika Mkataba.

Majaji wa The Hague walibishana juu ya neno hilohilo. Tarehe 31 Machi 2010 Jopo la Awali liliruhusu uchunguzi wa ghasia za Kenya zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Majaji wawili walisema kinachopimwa ni uwezo wa kundi kutenda maovu yanayovunja misingi ya ubinadamu, bila kujali kama linafanana na dola. Jaji Hans-Peter Kaul alikataa: alisema neno hilo limewekwa ubavuni mwa dola, na kosa lenyewe ni zito kiasi kwamba kundi lazima liwe na sura inayokaribia dola.

Nini cha kufanya wewe? Kwanza, fungua lugha nyingine. Katika Kiingereza neno hilo, *organizational*, ni kivumishi kinachoweza kuelea, lakini Kifaransa kinasema wazi sera ya dola au ya taasisi au kundi fulani lenye mpangilio, kwa nomino. Ibara ya 33 ya Mkataba wa Vienna inakutaka utafute maana inayoyapatanisha maandishi yote. Pili, fungua Viini vya Makosa: utangulizi wake kuhusu ibara ya 7 nao unatumia nomino, na unadai kundi hilo liwe limehimiza shambulio kwa vitendo. Tatu, ndipo uangalie lengo. Baada ya yote hayo bado watu makini watatofautiana, na mimi huwa naegemea kwa Kaul, kwa sababu ya ile amri ya kusoma kwa kubana. Lakini ona kwamba hakuna hata mmoja wa majaji wale watatu aliyedai pana pengo. Wote walikuwa wanasoma. Sehemu kubwa ya maswali yanayoletwa barazani kwangu kwa jina la pengo huishia hapa.

Kuhusu Viini vya Makosa, neno moja tu: vinasaidia kufasiri na vinapaswa kuendana na Mkataba. Kanuni za Utaratibu zikigongana na Mkataba, Mkataba ndio unaotawala.

Hatua ya tatu: uliza kama ni pengo au ni kimya

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Pengo ni pale ambapo waandishi wa Mkataba hawakuliona jambo, au walilianzisha bila kulimaliza, na kazi ya Mahakama haiwezi kwenda bila jibu. Kimya ni pale walipoliona wakachagua kutolisema. Kwa macho, vyote viwili ni karatasi nyeupe.

Mwaka 2006, katika suala la Kongo, Jopo la Awali lilimkatalia Mwendesha Mashtaka kibali cha kukata rufaa. Ibara ya 82 inaorodhesha maamuzi yanayoweza kukatiwa rufaa, na kunyimwa kibali hakumo. Mwendesha Mashtaka akaenda Jopo la Rufaa akisema: hapa pana pengo, na mahakama za juu duniani kote zina uwezo wa kupitia uamuzi wa namna hii, basi tulizibe kwa kanuni ya jumla. Tarehe 13 Julai 2006 majaji wakamkatalia. Waliangalia sheria za nchi mbalimbali wakaona hakuna kanuni inayokubalika kote kama alivyodai. Lakini kilichonigusa zaidi ni kingine. Walirudi kwenye kumbukumbu za mkutano wa Roma wakakuta kwamba ujumbe wa Kenya ulipendekeza jambo hilohilo, kwamba anayenyimwa kibali aweze kukata rufaa dhidi ya kunyimwa huko, na pendekezo halikupita. Kwa hiyo lilitajwa mezani, likasikika, likaachwa. Orodha ilikuwa imefungwa kwa kukusudia.

Linganisha na kesi ya William Ruto na Joshua Sang, Wakenya walioshtakiwa kwa zile ghasia za uchaguzi. Upande wa mashtaka ukishamaliza ushahidi wake, je, mshtakiwa anaweza kuomba iamuliwe kwamba hana kesi ya kujibu? Hapa kwetu hilo ni jambo la kila siku, hata hakimu wa wilaya analitamka. Mkataba wa Roma haukulitaja. Tarehe 3 Juni 2014 Jopo la Usikilizaji lilikubali ombi la namna hiyo liweze kuletwa, likiegemea uwezo wake chini ya ibara ya 64 na haki ya mshtakiwa ya kesi isiyorefushwa bure, na Aprili 2016 kesi ilikoma kwa njia hiyo.

Kwa nini huku ndiyo na kule hapana? Tumia maswali haya matatu. Je, ibara inayohusika ni orodha iliyofungwa, au ni uwezo wa jumla? Ya 82 ni orodha, ya 64 ni uwezo. Je, kumbukumbu za mkutano zinaonyesha jambo lilijadiliwa likakataliwa? Na je, ukiliacha tupu, kesi inashindwa kuendeshwa kwa haki, au ni upande mmoja tu unaokosa kitu ungekipenda? Hilo la mwisho lijibu kwa ukweli wa moyo.

Kuna hali ya tatu, ambayo mimi huiita kapu. Mkataba wenyewe umeacha nafasi yenye mipaka. Ibara ya 7(1)(k) inataja matendo mengine ya kinyama yenye sifa zinazofanana na yaliyotangulia, yaliyokusudiwa kuleta mateso makubwa au madhara mazito ya mwili au akili. Ndoa ya kulazimishwa haikutajwa kwa jina popote. Dominic Ongwen wa kundi la waasi la LRA, Uganda, alitiwa hatiani tarehe 4 Februari 2021 kwa makosa 61, na ndoa ya kulazimishwa ilikuwamo kupitia kapu hilo. Jopo la Rufaa likaithibitisha hukumu tarehe 15 Desemba 2022. Utetezi ulidai majaji wametunga kosa jipya. Mimi sioni hivyo. Kosa ni lile la kapu, lililoandikwa tangu 1998. Kilichofanyika ni kuonyesha kwamba maisha waliyolazimishwa wasichana wale yana sifa zote zinazotakiwa.

Hapa Pwani neno "ndoa" linatusumbua kidogo. Kwetu ndoa ina walii, mahari, mashahidi wawili, na biharusi anaulizwa. Binti mmoja wa Pangani alikataa katakata kulitumia: "Mwalimu, ile haikuwa ndoa." Alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini kiini cha kosa ndicho hicho hasa, kumvika mtu kwa mabavu jina la mke na wajibu wote wa mke, aibu ikamfuata hata akirudi kwao.

Hatua ya nne: panda ngazi za ibara ya 21 bila kuruka

Kama umethibitisha ni pengo kweli, ibara ya 21 inakupa ngazi. Ya kwanza umeshapita: Mkataba, Viini vya Makosa, Kanuni. Ya pili ni mikataba mingine inayohusika pamoja na kanuni za sheria ya kimataifa, zikiwamo zile za vita. Ya tatu ni kanuni za jumla zinazochotwa katika sheria za mataifa. Maamuzi ya nyuma ya Mahakama yenyewe yanaweza kutumika, lakini hayawafungi majaji kama tulivyozoea hapa.

Kwenye desturi ya kimataifa kuna mtego mmoja. Desturi inahitaji mwenendo wa mataifa pamoja na imani yao kwamba wanafuata sheria, na lazima ithibitishwe kwa tarehe ya tendo, si kwa tarehe ya hukumu. Katika kesi ya Tadić mwaka 1999, majaji wa mahakama ya Yugoslavia ya zamani walisema desturi inamfanya aliyeshiriki mpango wa uhalifu awajibike hata kwa uhalifu wa mwenzake uliokuwa nje ya mpango, kama alitambua unaweza kutokea. Majaji wa mahakama ya Kambodia iliyoshughulikia uhalifu wa utawala wa Khmer Rouge walizisoma upya kesi zilizotajwa kuwa msingi wake, na tarehe 20 Mei 2010 wakasema hazitoshi kuonyesha kwamba desturi hiyo ilikuwapo kati ya 1975 na 1979. Kwa hiyo usinukuu tu kwamba mahakama fulani ilisema ni desturi. Nenda kaangalie ilichoegemea.

Hatua ya tano: uliza sheria za mataifa, kwa adabu

Ngazi ya tatu tunaielewa vizuri sisi kuliko wengi. Sura ya 358 ya sheria zetu inamruhusu jaji, pale sheria zetu zinapopungua, kuchukua mapokeo ya Kiingereza na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 22 Julai 1920, lakini kwa kiasi tu hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu. Hicho "kwa kiasi tu" ndicho kilichomo pia katika ibara ya 21: kanuni inayochotwa nje isipingane na Mkataba wala na sheria ya kimataifa.

Kwanza usichague nchi mbili unazozijua. Chukua za mapokeo ya Kiingereza, za mapokeo ya Kifaransa na Kijerumani, nchi zenye sheria ya Kiislamu, Afrika, Asia, Amerika ya Kusini. Usisahau nchi ambayo kwa kawaida ingesikiliza kosa hilo. Ibara inaitaja kwa makusudi. Pili, usitafute kifungu kinachofanana neno kwa neno, tafuta wazo lililo chini yake. Tatu, ukikuta mataifa yanatofautiana, sema hivyo.

Tazama fasili ya ubakaji ilivyopatikana. Sheria ya mahakama ya Rwanda iliyokaa Arusha ilitaja ubakaji katika orodha ya uhalifu dhidi ya ubinadamu bila kusema ni nini. Tarehe 2 Septemba 1998, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, majaji walisema hakuna fasili iliyokubalika katika sheria ya kimataifa, wakaunda ya kwao: uvamizi wa mwili wenye asili ya kingono, unaofanywa katika mazingira ya kushurutisha. Hawakuhesabu viungo vya mwili. Miezi mitatu baadaye, katika kesi ya Furundžija, majaji wa mahakama ya Yugoslavia ya zamani walipita njia ya kulinganisha sheria za nchi nyingi. Walikuta nyingi zinaelekeana isipokuwa juu ya tendo moja, la kulazimishwa kwa kinywa, ambalo baadhi ya nchi huliita ubakaji na nyingine shambulio la kingono. Hapo wakasaidiwa na kanuni ya utu wa binadamu, na wakaeleza kwamba mshtakiwa haonewi kwa kuwa tendo lenyewe lilikuwa kosa kubwa kwa jina lolote. Mwaka 2001, kesi ya Kunarac ikachimba chini zaidi, ikaona wazo lililo chini ya sheria zote zile ni uhuru wa mtu juu ya mwili wake. Pengo moja, njia tatu. Ukiniuliza, Kunarac ndiyo somo bora la kuchota kanuni kutoka sheria za mataifa.

Mwaka 2011 nilikaa nyuma ya kioo katika ukumbi wa mahakama ile Arusha, vipokea sauti masikioni. Nilikuwa nikihamia chaneli ya Kinyarwanda kwa sababu masikio yangu yalikuwa yakidaka neno hapa na pale. Baadaye nikasoma katika hukumu ya Akayesu kwamba mashahidi walitumia maneno manne kwa zamu, mojawapo *kuryamana*, na wakalimani waliyafasiri yote kuwa ubakaji. Mtu wa Pwani analisikia neno hilo bila kamusi: kulala pamoja. Mama aliyetendewa unyama alilisema kwa neno la staha, kama mama zetu wanavyosema "aliniharibu". Majaji walilazimika kueleza kwa maandishi kwamba muktadha uliondoa shaka. Ufasiri huanzia hapo, mdomoni mwa shahidi.

Mfano wa kinyume ni Dražen Erdemović. Julai 1995, baada ya kuanguka kwa Srebrenica, Bosnia, askari huyu alikuwa katika kikosi kilichowapiga risasi mateka. Alikiri, akasema alitishiwa kuuawa kama angekataa. Je, kushurutishwa namna hiyo ni utetezi kamili kwa aliyeua wasio na hatia? Sheria ya mahakama ya Yugoslavia ya zamani haikusema. Tarehe 7 Oktoba 1997 Jopo la Rufaa liliziangalia sheria za mataifa likakuta zimegawanyika. Majaji watatu wakasema si utetezi kamili, unaweza kupunguza adhabu tu. Jaji Cassese na Jaji Stephen walikataa. Cassese alisema kanuni pana ipo, kwamba shurutisho linaweza kuondoa hatia kwa masharti makali, na kama hakuna kanuni mahususi inayoyatoa mauaji, basi ile pana ndiyo itumike.

Mimi nasimama na waliokataa. Si kwa sababu nawasahau waliokufa pale. Ni kwamba pengo lilipobaki tupu, majaji walio wengi walilijaza kwa hoja za sera, nalo likamwangukia mshtakiwa. Erdemović mwishowe alipewa miaka 5. Mkataba wa Roma, uliopitishwa mwaka uliofuata, uliweka shurutisho katika ibara ya 31(1)(d) bila kuyatenga mauaji, kwa sharti kwamba mtu asikusudie madhara makubwa kuliko aliyotaka kuyaepuka.

Hatua ya sita: lipitishe jibu kwenye 21(3)

Jibu lolote, hata lililotoka katika maandishi yenyewe, lazima liendane na haki za binadamu zinazotambulika kimataifa, bila kumbagua mtu kwa jinsia, umri, rangi, dini au mali. Hapa ndipo bibi wa kiti cha magurudumu anapopita langoni. Angalia tu usiligeuze chekecheo hili kuwa jembe la kulimia makosa mapya. Ibara ya 22 iko palepale.

Zoezi tulilofanya barazani

Nchi ya kubuni, vita ya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 2017. Jenerali ameuzingira mji, malori ya unga yanarudishwa, wiki ya kumi wazee na watoto wanakufa. Mkataba, ibara ya 8(2)(b)(xxv), umefanya kuwanyima raia chakula kama mbinu ya vita kuwa uhalifu, lakini katika vita kati ya mataifa tu. Kwa vita vya ndani kosa hilo liliongezwa kwa marekebisho yaliyopitishwa tarehe 6 Desemba 2019, na yanahusu nchi zilizoyaridhia.

Baraza ilichemka. Kijana wa Muheza alisema njaa ni njaa, tumbo la mtoto haliulizi vita ni ya ndani au ya nje, tufananishe tumalize. Sikumlaumu kwa kuumia. Nikamwomba apite hatua zote. Ukoo wa swali: fasili ya kosa. Kufananisha kumekatazwa kwa neno lake. Pengo au kimya? Kosa limewekwa katika orodha moja na halimo katika nyingine, na ilibidi nchi wanachama zikae kuliongeza. Mlango umefungwa, na ni nchi, si majaji, zilizokuwa na haki ya kuufungua. Akakaa kimya, uso umemshuka.

Binti wa Pangani alikuwa bado ana kidole kwenye ibara ya 8, na kwa mkono mwingine akarudisha kurasa nyuma. "Mwalimu, samahani. Ya 7(2)(b)." Akasoma fasili ya kuangamiza watu: inajumuisha kuwawekea kwa makusudi hali za maisha, ikiwamo kuwanyima chakula na dawa, zilizokadiriwa kuteketeza sehemu ya watu. Kosa hilo halibagui vita ya ndani na ya nje, halihitaji hata vita. Kijana wa Muheza naye akapata ya 8(2)(e)(iii), kushambulia magari ya misaada ya kibinadamu katika vita vya ndani, kama malori yale yalishambuliwa na si kurudishwa tu.

Swali la mwanzo tukalifuta, tukaandika jipya: je, upo ushahidi kwamba raia walikufa kwa wingi, katika shambulio lililoenea au lililopangwa dhidi yao, na kwamba jenerali alikusudia hali hiyo iwaue? Hatukuhitaji tena kuziba chochote. Tulianza kuorodhesha mashahidi, na adhana ya magharibi ilipoita tulikuwa kwa wa tatu, dereva wa lori la unga.